Tasnifu nianze sasa au nisubiri mtihani upite?

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma shahada ya uzamivu, niko mwaka wa pili. Programu yetu ni ile ya kuingia darasani kwanza. Muhula ujao namaliza kozi, halafu unafuata mtihani wa kina, kisha ndipo mtu anaandika pendekezo la utafiti, analitetea mbele ya kamati na kuingia uwandani. Utaratibu wenyewe umenyooka. Mimi ndiye sijanyooka.

Mada ninayo. Kabla ya kurudi masomoni nilikuwa muuguzi, na jambo ambalo halijanitoka akilini mpaka leo ni namna tulivyokuwa tunapokezana wagonjwa zamu ya usiku inapotoka na ya asubuhi inapoingia. Kuna mambo yanasemwa pale, kuna mengine hayasemwi, na anayeumia ni mgonjwa. Nataka tasnifu yangu iwe juu ya hilo. Shida ni kwamba kila nikisoma makala mpya mada inahama. Wiki hii naona ni suala la mawasiliano. Wiki ijayo naona ni suala la mifumo ya kumbukumbu za hospitali. Halafu nakutana na kitu kuhusu uchovu wa zamu za usiku, naona huko ndiko kwenye kiini. Nimejaza makala kwenye kompyuta mpaka sijui ipi nimeisoma na ipi nimeipakua tu. Sijaandika hata aya moja, maana najiona bado sijasoma vya kutosha.

Nilipomuuliza msimamizi wangu nianze lini, alinijibu kwa ufupi: "Maliza mtihani kwanza, tasnifu itakuja." Namheshimu sana. Lakini kuna mwenzangu tulioanza pamoja, yeye yuko chini ya msimamizi mwingine, na ameshaanza kuhoji watu na kuwarekodi. Anasema akingoja vibali vya ofisini atazeeka. Nikimsikiliza naona kama mimi nimelala.

Juu ya hayo, nimepata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja, ya kutwa nzima, na mshahara wake tunauhitaji nyumbani. Nafikiria nimalize kozi, niende kazini mwaka huo, nikirudi nifanye mtihani na kuanza tasnifu nikiwa nimetulia kifedha. Mume wangu anaona ni busara. Mama yangu anasema nikitoka sitarudi.

Nisaidie Mwalimu. Wakati unaofaa ni upi?

Wako,
Muuguzi wa Zamani

*

Marahaba, binti yangu.

Anza sasa. Ila usianzie alikoanzia mwenzako, na usiende kazini kabla hujafika hatua ambayo nitakueleza. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni sababu zake na namna ya kulitekeleza.

Niruhusu nianze na hofu yako ya kutosoma vya kutosha, kwa sababu nimeona inawashika watu kuliko mtihani na kuliko fedha. Mwishoni mwa 1897 mwanasayansi Marie Curie alikuwa anatafuta mada ya shahada yake ya uzamivu. Alichagua miale ya uraniamu, ambayo Henri Becquerel alikuwa ameigundua mwaka uliotangulia. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba kilichomvutia, pamoja na mengine, ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa jipya mno, maandishi ya kupitia yalikuwa machache, na angeweza kwenda moja kwa moja kwenye vipimo. Daftari lake la maabara linaanza Desemba mwaka huohuo. Kufikia mwisho wa 1898 poloniamu na radiamu, elementi mpya mbili zilizotokana na kazi hiyo, zilikuwa zimeshatangazwa, na tasnifu aliitetea Juni 1903.

Mada yako haiko hivyo. Kupokezana zamu kumeandikwa na wauguzi, na madaktari, na wataalamu wa usalama wa wagonjwa, na watu wa isimu wanaochunguza mazungumzo kazini, na watu wa mifumo ya kompyuta. Kila mwezi yanatoka mengine. Ukisema usome mpaka uishe ndipo uandike, utasoma mpaka usajili wako uishe. Kwa mada iliyoandikwa sana, kinachokuwezesha kuweka makala pembeni bila hatia ni swali. Wewe una mada, swali bado huna, na ndiyo maana kila makala inakuvuta upande wake.

Tazama tofauti. "Makabidhiano ya zamu hospitalini" ni mada. Sasa sikiliza hili: ni taarifa gani kuhusu mgonjwa ambazo muuguzi anayetoka huzisema kwa mdomo lakini haziandiki kwenye faili, na anaziacha kwa sababu gani? Sijui kama hilo ndilo swali lako. Nimelitoa kwenye sentensi yako mwenyewe, pale uliposema kuna mambo yanasemwa na mengine hayasemwi. Lichukue kwa muda tu, kisha rudi kwenye hilo rundo la makala ukiwa nalo mkononi. Zile za uchovu wa usiku nyingi zinatoka, isipokuwa zinazoonyesha kwamba mtu aliyechoka huacha kuandika. Zile za kumbukumbu za kielektroniki zinabaki zile tu zinazozungumzia yasiyoingia kwenye fomu. Zile za muundo wa SBAR, ule unaomtaka anayekabidhi aeleze hali ya mgonjwa, historia yake, tathmini na pendekezo, zinabaki kwa jicho jipya: je, muundo huo una nafasi ya kusema "huyu mzee ukimgusa bega la kushoto analia, na faili halisemi kitu"? Kwa jioni moja ya kazi ya namna hii utajua zaidi kuhusu tasnifu yako kuliko kwa miezi ya kupakua.

Ndiyo maana nakataa kwamba kuandika kunasubiri kusoma kuishe. Andika leo kurasa mbili. Ya kwanza iwe na swali kwa sentensi moja, watu unaotaka kuwasikiliza, mahali utakapowapata, na jibu ambalo ukilikuta litakushangaza. Hilo la mwisho usiliruke. Kama huwezi kufikiria jibu litakaloweza kukushangaza, maana yake unataka kuthibitisha unachokiamini tayari, na kwa mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo kishawishi hicho ni kikubwa. Ukurasa wa pili uwe na waandishi watatu au wanne unaobishana nao au unaoendeleza kazi yao, na kwa kila mmoja aya fupi kwa maneno yako: aliuliza nini, alitumia njia gani, alipata nini, na ameacha nini. Ukishindwa kuandika aya hiyo, hujaisoma makala, hata kama umeipigia mistari yote. Kurasa hizo zitabadilika. Ziweke tarehe, hifadhi kila toleo, usifute la zamani. Na kuhusu makala zako zilizozagaa, weka programu ya kutunza marejeo kama Zotero, ambayo ni ya bure, sasa hivi kabla rundo halijaongezeka. Kila makala uliyoisoma kweli iandikie hizo sentensi chache humohumo.

Sasa kuhusu msimamizi wako. Sidhani anakuzuia. Mtu anayesema "maliza mtihani kwanza" mara nyingi ameona wanafunzi waliopenda mada zao mpaka wakafeli mtihani, na mtihani wa kina ukifeli huwa una nafasi ya kurudia mara moja tu katika vyuo vingi. Hofu yake ni ya haki. Lakini mtihani na tasnifu si lazima vigombanie usiku wako. Kozi zilizobaki kwenye muhula ujao huenda zina insha za mwisho, na walimu wengi hukuachia uchague mada. Basi kama una kozi ya mbinu za utafiti, insha yake iwe rasimu ya mbinu zako: namna utakavyowapata wauguzi, kama utakaa wodini na kutazama au utawahoji pembeni, utafanya nini ukisikia kosa la kitabibu likisimuliwa mbele yako. Insha ya kozi nyingine iwe mapitio ya eneo moja la mada yako. Kwenye mtihani wenyewe, programu nyingi humpa mwanafunzi sauti katika kupanga maeneo atakayotahiniwa. Omba eneo mojawapo liwe lile ambalo baadaye litageuka sura ya mapitio ya machapisho. Hapo kila saa unayosomea mtihani inalipa mara mbili, na hujamwasi mtu yeyote.

Niseme neno kwa wasomaji wengine wasio kwenye programu ya kozi. Uingereza, na nchi nyingi zilizofuata mfumo wake, mwanafunzi wa uzamivu huanza utafiti tangu anapojisajili, na karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza au muda mfupi baada yake hupimwa kama anafaa kuthibitishwa kuendelea. Huko suala la kuanza lini linakuwa ni suala la kujisajili lini, na ushauri wangu ni kufika ukiwa na zile kurasa mbili tayari, kwa sababu saa ya usajili ikianza haimsubiri mtu anayetafuta mada.

Nije kwa mwenzako, na hapa nitakuwa mkali. Kuhoji watu na kuwarekodi kabla ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ni jambo linaloweza kuiharibu tasnifu yote. Kamati hizi kwa kawaida hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Data iliyokusanywa kabla ya kibali huwa haitumiki, na mwanafunzi anaweza kujikuta mbele ya kamati ya nidhamu. Kuna wanaoziona kamati hizo kama urasimu mtupu. Zilikuja baada ya watu kuumizwa. Kule Tuskegee, jimboni Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa dawa inayojulikana tangu miaka ya 1940. Ni kashfa hiyo iliyozaa Ripoti ya Belmont ya 1979, ile ya Marekani kuhusu maadili ya utafiti unaohusu binadamu, ambayo misingi yake inatumika mpaka leo. Muuguzi anayekusimulia kwamba alisahau kutaja dawa ya mgonjwa amekukabidhi ajira yake. Ana haki ya kujua sauti yake itahifadhiwa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kukataa. Mwambie mwenzako asimamishe kinasa sauti na akamwone msimamizi wake kabla hajaongeza mtu mwingine. Ni afadhali aone aibu leo.

Kuna mambo unayoweza kufanya kihalali kabla ya kibali, na ndiyo yanayokula muda. Soma fomu ya kamati ya maadili ya chuo chako sasa hivi, hata kama utaijaza mwakani, maana maswali yake yatakulazimisha kufikiri. Uliza kamati inakutana lini na lini. Uliza kama hospitali nayo ina kamati yake, kwa sababu mara nyingi vibali ni viwili, na kila kimoja kinaweza kurudishwa na marekebisho. Nenda kaonane na matroni umuulize kama utafiti wa aina hiyo unawezekana wodini kwake na ni saa ngapi hasa zamu zinapokezana. Mazungumzo hayo ni maandalizi. Mradi usiyachukue maneno yake ukayaweka kwenye sura ya matokeo, hujakosea mtu.

Imebaki kazi, na najua ndiyo inayokunyima usingizi. Mume wako na mama yako wote wana hoja. Siwezi kumwambia mtu mwenye nyumba ya kuendesha akatae mshahara. Lakini nakuomba utazame ni wapi unapokatia safari. Ukiondoka umemaliza kozi tu, kabla ya mtihani, utarudi baada ya mwaka ukiwa na mtihani ambao masomo yake yamefifia, na mada ileile inayohama. Ukiondoka umefaulu mtihani lakini huna pendekezo, utakuwa kwenye kipande kigumu kuliko vyote, kile ambacho hakina darasa, hakina ratiba, wala mtu wa kukudai kazi Ijumaa. Marekani waliokwama hapo ni wengi mpaka wana jina lao, waliomaliza yote isipokuwa tasnifu, na baadhi yao hukaa nalo maisha yao yote. Ukiondoka ukiwa na pendekezo lililotetewa na kukubaliwa, hali ni nyingine kabisa. Una hati yenye sahihi za kamati inayosema utafanya nini, wapi na kwa njia ipi. Maombi ya kibali cha maadili yanaweza kuwa yanazunguka ofisini wakati wewe uko kazini. Ukirudi, unarudi kwenye kazi inayojulikana.

Kwa hiyo ningekushauri uwaulize waajiri kama mkataba unaweza kusogezwa mbele kwa muhula mmoja au miwili, upate kufanya mtihani na kutetea pendekezo. Waajiri hukubali mara nyingi kuliko tunavyodhani, hasa wakielezwa mapema na kwa tarehe. Wakikataa kabisa, na fedha ni ya lazima, basi fanya walau mtihani kabla ya kuondoka, na kazini ujikatie asubuhi mbili kwa wiki zilizoandikwa kwenye mkataba kama saa zako, za pendekezo peke yake. Usitegemee jioni. Uliwahi kufanya kazi wodini, unajua jioni ya mtu aliyesimama kutwa inafananaje.

Hujanieleza kazi yenyewe ni ya nini, na hapo kuna jambo la kuangalia. Kama ni ya uongozi katika hospitali ileile unayotaka kuitafiti, wale utakaotaka kuwahoji watakuwa chini yako. Muuguzi hawezi kumkatalia bosi wake mahojiano kwa moyo mweupe, na kamati ya maadili itakuuliza hilo swali la kwanza kabisa. Ama uchague hospitali nyingine kwa utafiti, ama ufikirie upya kazi hiyo. Vilevile soma kanuni za chuo chako kuhusu kuahirisha masomo. Katika vyuo vingi kuahirisha rasmi kunasimamisha saa ya usajili, lakini kunaweza pia kukukatia maktaba na haki ya kuonana na msimamizi. Kuondoka bila kuahirisha ni kubaya zaidi, kwa sababu muda wa juu kabisa wa kumaliza unaendelea kuhesabiwa huku wewe huandiki kitu.

Zipo hali ambazo ningemwambia mtu asianze kabisa: ukiwa mgonjwa, ukiwa huna msimamizi anayeijua mada yako hata kwa mbali, au ukiwa umepewa mada na mtu mwingine nawe huitaki. Sioni hata moja katika barua yako. Mada yako umetoka nayo kazini, ukaibeba mpaka darasani. Wengi wanaingia mwaka wa tatu wakiwa hawana kitu kama hicho.

Wiki hii, basi, andika zile kurasa mbili, halafu mtumie msimamizi wako ujumbe. Usimuulize tena uanze lini, kwa sababu swali hilo ameshalijibu na atalijibu vilevile. Mwandikie hivi: "Naendelea na maandalizi ya mtihani kama ulivyonielekeza. Nimeambatanisha kurasa mbili. Ya kwanza ina swali la utafiti kama ninavyoliona leo. Ya pili ina machapisho ambayo naomba yaingie kwenye eneo langu moja la mtihani, ili yanifae pia kwenye pendekezo. Naomba dakika 20 uniambie kama swali hili linatafitika, na ni mwandishi gani muhimu nimemwacha." Mtu aliyeletewa kurasa mbili anajibu tofauti na aliyeletewa wasiwasi. Akikuambia swali ni pana mno, usivunjike moyo. Karibu kila swali la kwanza ni pana mno. Mwombe akuonyeshe ni upande gani wa kukata.

Ukishaonana naye, niandikie alisema nini kuhusu ukurasa wa pili, na waajiri walijibu nini kuhusu tarehe. Tutaendelea kutoka hapo.

Mwalimu